Nahodha Aliyekosa Nafasi

Pale Hilltown, mtaa wa mji wa Dundee, watu walimjua Netta Soutar kama yule binti anayeitukana televisheni. Na ni kweli, aliitukana, tena kwa sauti iliyovuka ukuta hadi kwa majirani. Televisheni yenyewe haikuwa na kosa. Ilikuwa imeunganishwa na kompyuta ndogo nyeusi yenye vitufe vya mpira, mojawapo ya zile ambazo wanawake wa Dundee walikuwa wakiziunda kiwandani miaka ile, mama yake akiwa miongoni mwao. Mama mtu alichomea vipande vyake kutwa nzima bila kujali vinafanya nini. Binti ndiye aliyetaka kujua, na alipoanza kujua hakushikika. Alijifunza kuzungumza na prosesa, ule ubongo wa kompyuta, kwa lugha yake yenyewe, amri kwa amri, mpaka akawa anaota kwa lugha hiyo.

Ghorofa moja juu yao walikaa akina Lownie: Bi Ina, mumewe Alick, na mtoto wao wa pekee, Greig. Greig na Netta walisoma pamoja tangu chekechea. Mmoja akawa wa hesabu, mwingine akawa wa penseli. Walipofikisha miaka ishirini na kidogo, wote wawili hawana ajira ya maana, wakaanza kutengeneza magemu ya kompyuta kwenye meza ya jikoni kwa akina Lownie. Netta aliandika amri, Greig alichora. La kwanza lilikuwa la kitoto, lakini msambazaji mmoja wa Manchester alilichukua, akalitia kwenye kaseti, akawaambia waandike jingine kubwa zaidi.

Jingine hilo lilikuwa la meli ya kuwinda nyangumi. Meli inatoka Dundee kwenda kwenye barafu ya kaskazini, kama walivyokwenda mababu wa nusu ya mji. Mchezaji anashika usukani, bahari inapanda na kushuka, na milima ya barafu inamjia huku ikigeuka polepole, ubavu mmoja ukitokea na mwingine ukipotea. Pembeni mwa kioo cha televisheni kulikuwa na dirisha dogo, na katika dirisha hilo nahodha alitokeza uso. Barafu ikikaribia, alikunja nyusi. Ukiikwepa, alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Ukizama, alivua kofia.

Nahodha huyo alikuwa Alick Lownie.

Ili mtu aelewe jambo hili lilivyokuwa zito, ni lazima amjue Alick. Katika viwanda vya Dundee vya juti, zile nyuzi za magunia, walioajiriwa walikuwa wanawake na watoto, kwa kuwa ujira wao ulikuwa mdogo. Mvulana alifanya kazi mpaka umri wa kulipwa kama mwanamume, kisha akaonyeshwa mlango. Alick alionyeshwa mlango akiwa na miaka kumi na minane, na baada ya hapo hakupata kazi iliyodumu. Bi Ina ndiye aliyesimama kwenye mitambo ya kufuma. Alick alibaki nyumbani, akapika, akafua, akamfunza mtoto nidhamu na kumpeleka shule. Wanaume wa namna hiyo mji uliwapa jina: wachemsha birika. Alick aliitwa hivyo baa, aliitwa dukani, aliitwa hata na shemeji zake kwenye meza ya Mwaka Mpya, naye alicheka pamoja nao, kwa sababu mtu akikataa kucheka jina huganda zaidi.

Greig alipomwomba akae ili amchore, mzee alivaa koti la nduguye aliyekuwa baharia, akakaa kando ya jiko, kifua mbele.

"Usinitie kidevu cha pili," alisema.

"Baba, kidevu kizima kina vidoti sita. Hakuna nafasi ya cha pili."

"Afadhali. Ina! Njoo umwone mchemsha birika alivyopanda cheo."

Bi Ina alichungulia kutoka chumbani. "Nahodha au la, viazi hivyo vitajimenya?"

Netta alicheka hadi akapaliwa na chai. Alimpenda mzee yule. Baba yake mwenyewe alikuwa amekwenda Corby kutafuta kazi ya chuma na hakurudi, na Alick ndiye aliyemfundisha kuendesha baiskeli kwenye mteremko wa Hilltown, akimkimbilia nyuma na aproni kiunoni.

Shida ilikuja mwishoni mwa kiangazi. Gemu lilikuwa zuri lakini lilikwenda kwa kujikongoja. Mlima wa barafu uligeuka kwa kuruka, kana kwamba mtu anausukuma kwa teke.

"Inatembea kama kobe mwenye mafua," alisema Greig, Jumapili moja, akiwa na kipande cha pai mkononi.

"Najua."

"Sasa?"

"Sasa ni hivi. Kugeuza mlima lazima uzidishe. Kila pembe, kila urefu, zidisha. Na hii prosesa haijui kuzidisha."

"Haijui? Kompyuta nzima?"

"Haijui. Haina amri hiyo. Inajua kujumlisha, inajua kutoa, inajua kusogeza namba kushoto na kulia. Ukitaka saba mara tisa, inabidi uizungushe ijumlishe na kusogeza mpaka ifike. Ukiizungusha mara mia kwa kila picha, ndiyo unapata huyo kobe wako."

"Kwa hiyo hatuna la kufanya."

"Nimeshafanya." Netta alibonyeza kitufe. "Nimeikaririsha. Majibu yote nimeyapiga mapema nikayapanga kwenye kumbukumbu, kama yale majedwali ya kuzidisha tuliyoimbishwa shule. Haipigi tena hesabu. Inachungulia jibu, inaondoka."

Mlima wa barafu ukaja. Uligeuka laini kama mtu anayegeuka usingizini, na meli ikauzunguka, na mawimbi yakapanda yakashuka bila kukwama. Greig aliweka pai chini. Alikuwa hajaona kitu cha namna ile kwenye kompyuta ile, wala mtu mwingine hajaona.

"Netta," alisema polepole. "Wewe ni mchawi."

"Ngoja kwanza. Jedwali limekula nafasi yote iliyobaki." Hakumtazama. "Nahodha hana pa kukaa."

Chumba cha pili, Alick alikuwa akipiga pasi huku akifuatisha nyimbo za redio.

"Punguza kitu kingine," Greig alisema kwa sauti ya chini.

"Kipi? Nyangumi?"

"Wimbo wa mwanzo."

"Wimbo haufiki hata ukubwa wa kofia yake. Zile nyuso zake zote, ya kukunja nyusi, ya kucheka, ya kuvua kofia, ndizo zinazobeba nafasi. Nimepiga hesabu."

"Nimeshamwambia. Amewaambia watu."

"Gemu likienda kwa kujikongoja, nani atabaki kumtazama? Likienda hivi, Greig, litauzwa mpaka London. Utamchora kwenye linalofuata. Utamchora mara kumi."

"Hakuna njia nyingine? Umeangalia vizuri?"

"Nimeangalia."

Alilisema neno hilo jinsi mtu anavyosema amefunga mlango, bila kurudi kuujaribu. Greig aliisogeza pai kando. Katika urafiki wao wote, mambo ya amri na kumbukumbu yalikuwa ya Netta, naye hakuwahi kuyaingilia, kama Netta asivyowahi kumwambia pua ichorwe vipi.

"Mtoe basi," alisema. "Wewe ndiye fundi."

Netta alipokea ruhusa hiyo kama ruhusa. Hakuusikiliza mdomo ulioitoa. Kazi ya kumtoa nahodha haikumaliza hata kikombe cha chai. Dirisha lake alilijaza na dira.

Gemu lilitoka Novemba. Magazeti ya kompyuta yaliandika kwamba hakuna aliyewahi kuona barafu ikigeuka namna ile kwenye mashine ndogo kama ile. Netta alikata kurasa hizo akazibandika juu ya kitanda. Kisha Bi Ina akaoka keki ya matunda, akawaalika majirani, na Netta akapanda ngazi akiwa na kaseti mkononi na sketi mpya, bila kujua kwamba Greig hakuwa amemwambia baba yake.

Alick alikaa mbele ya televisheni na koti la nduguye. Alikuwa amenyoa. Nyuma yake walisimama majirani wawili na shemeji mmoja, yule mwenye ulimi. Kaseti ilipiga kelele zake, kioo kikajaa mistari, meli ikaondoka bandarini.

"Haya," alisema Alick, "natokea wapi?"

Greig alikuwa ameegemea mlango. Netta alimtazama, na kwa ule uso alioukuta akaelewa yote. Angeweza kusema yeye.

"Labda mbele," alisema shemeji. "Nahodha hatoki kwenye baridi mapema."

Alick alicheza. Kwa mzee ambaye hakuwahi kugusa mashine, alicheza vizuri. Aliukwepa mlima wa kwanza, akaukwepa wa pili, na kila baada ya mlima aligeuza macho kwenye pembe ya kioo, akaiona dira, akarudi kwenye usukani. Keki ilikatwa. Majirani walisifu mawimbi. Alizama, akaanza upya, akafika mbali zaidi.

"Ni mkimya huyu nahodha wenu," shemeji alisema. "Au kazi imemshinda, amekwenda kulala?"

Hapo Alick akamtazama mwanawe, kwa mara ya kwanza tangu akae. Kisha akamtazama Netta. Aliitoa kompyuta mapajani akaiweka mezani kwa uangalifu, kama sahani ya watu.

"Nahodha yuko chini," alisema. "Barafu yote hiyo, baridi yote hiyo, unadhani mabaharia watakunywa nini? Yuko chini anachemsha birika."

Chumba kizima kiliangua kicheko, shemeji akiwa wa kwanza. Alick alicheka pia. Alivua koti, akalitundika nyuma ya mlango, akaenda jikoni, na Netta akasikia bomba likifunguliwa na birika likijazwa. Wageni walikuwa wengi, walihitaji chai.

Greig hakugombana na Netta. Ingekuwa nafuu kama angegombana. Wiki chache baadaye alipata kazi kwenye kampuni ya magazeti ya katuni mjini, akasema ni kazi ya mshahara, mama yake amechoka, yeye Netta aelewe. Netta akasema anaelewa. Meza ya jikoni ikarudi kuwa ya kulia chakula.

Msambazaji alitaka gemu hilohilo kwenye kompyuta nyingine, ile ya rangi ya krimu iliyokuwa mashuleni. Netta alidhani itakuwa kazi ya kutafsiri tu. Kumbe prosesa ya mashine ile ilikuwa kabila jingine kabisa. Amri zake zilikuwa chache, mahali pake pa kushikia namba palihesabika kwa vidole vya mkono mmoja na vingine vikabaki, lakini mkono wake ulikuwa mwepesi kufika kwenye kumbukumbu na kurudi. Mbinu zote alizozijua Netta kwenye ile nyeusi hapa hazikumfaa, na nyingine ambazo hakuwahi kuzifikiria hapa zilikuwa rahisi. Ubaya mmoja haukuwa na dawa: kumbukumbu yenyewe ilikuwa ndogo kuliko ya ile nyeusi, na kioo kikishachukua fungu lake palibaki pafinyu kama kabati. Jedwali lake kubwa halikuingia hata kwa kusukumwa.

Alihangaika majuma kadhaa. Kisha siku moja mchana, akiwa amechoka na ana hasira, akakubali kufanya alichokuwa akikikwepa. Pembe zote za mlima unaogeuka hufanya duara, na duara, ukilikata vipande vinne, kila kipande ni sawa na mwenzake aliyejitazama kwenye kioo. Yeye alikuwa amehifadhi majibu ya duara zima. Robo ingetosha. Zile robo tatu nyingine prosesa ingezipata kwa kugeuza tu namba, kwa amri mbili tatu za ziada. Hilo alilijua tangu mwanzo, mtoto wa hesabu za shule angelijua. Aliliacha kwa sababu amri mbili tatu za ziada, zikirudiwa kila picha, alidhani zitamrudisha yule kobe. Alidhani. Hakuwahi kuzijaribu.

Akazijaribu. Mlima wa barafu ukaja, ukageuka laini.

Kisha akatoa ile kompyuta nyeusi chini ya kitanda, akapakia gemu la kwanza, akapunguza jedwali likawa robo, akaliendesha. Jicho halikuweza kuona tofauti. Na katika kumbukumbu, pale jedwali lilipopungua, palibaki uwanja mtupu ambamo Alick Lownie angeenea na nyuso zake zote, na koti, na hata kidevu cha pili.

Ilikuwa Januari. Alick alikuwa mgonjwa tayari. Vumbi la juti alilovuta utotoni lilikuwa limeamka kifuani, na kwenye ngazi Netta alimsikia akikohoa akipanda na makaa. Angeweza kupanda siku ileile. Kaseti yenye picha za nahodha alikuwa nayo kwenye droo, kumtia kwenye dirisha lake lisingekuwa jambo gumu. Lakini kupanda na nahodha mkononi kulikuwa na maana ya kumwambia Greig: nafasi ilikuwepo, sikuangalia. Akajiambia atamaliza kwanza toleo hili la pili, alitengeneze vizuri, kisha apande nalo likiwa kamili. Akalipigapiga msasa Februari yote. Mara mawimbi, mara sauti ya kengele. Mtu anayeogopa jambo hakosi kazi ya kufanya.

Alick alifariki mwanzoni mwa Machi, hospitali, Bi Ina akiwa amemshika mguu kwa sababu mikono ilikuwa na mipira ya dripu. Netta alipanda ngazi na sinia la mikate kama majirani wengine. Hakusema.

Baada ya mazishi alimtia nahodha. Toleo la krimu likatoka na Alick dirishani, akikunja nyusi na kuvua kofia. Kwa akina Lownie hakukuwa na kompyuta ya aina hiyo, na Netta hakuwapelekea.

Maisha yakamchukua, na hayakumchukua vibaya. Prosesa mpya zilikuja, na siku aliposoma kitabu cha mojawapo na kukuta ndani yake amri ya kuzidisha, neno moja tu kwenye mstari wake, alifunga kitabu akatoka nje akatembea mpaka mtoni Tay na kurudi. Kumbukumbu nazo zikafurika. Alifanya kazi kwenye kampuni moja kisha nyingine, akaongoza vijana, akawa mkali kwa jambo moja: mtu akimwambia "hiyo itakuwa polepole," alimtaka amwonyeshe. Vijana walidhani ni tabia ya kihandisi. Hakuolewa. Alihamia Broughty Ferry, akanunua mbwa, akawa na marafiki wa kutosha. Greig alimwona mara mojamoja barabarani, wakaulizana hali za mama zao, wakaagana.

Bi Ina alifariki akiwa na miaka themanini na kitu. Baada ya kanisa watu walialikwa kwenye ukumbi wa hoteli, wakala pai ya nyama na viazi. Netta, mvi kichwani, alimkuta Greig peke yake karibu na dirisha, mvua ikipiga nje.

"Greig, kuna jambo ningekuambia zamani."

"Lipi?"

"Baba yako. Lile gemu." Aligeukia dirisha. "Nafasi ilikuwepo. Ningeweza kumwacha. Nilikuambia nimeangalia, na sikuwa nimeangalia."

Greig alizungusha glasi yake mkononi.

"Najua," alisema.

"Unajua nini?"

"Nilimwona. Masika yale aliyofariki. Duka la Reform Street waliweka kompyuta dirishani, gemu letu linajichezea lenyewe. Nimesimama pale na mfuko wa maziwa, mara mzee akanikunjia nyusi." Alitabasamu kidogo, tabasamu likaishia njiani. "Nikaingia. Nikamwambia muuzaji, bila shaka hii ina kumbukumbu kubwa kuliko ile nyeusi. Akaniambia hapana bwana, hii ni ndogo zaidi."

Netta aliegemea kizingiti cha dirisha.

"Nikangoja," Greig aliendelea. "Nikasema Netta atapanda ngazi wiki hii, aseme. Nisingekasirika, unajua? Miezi ile ya kwanza nisingekasirika. Mama naye angependa kumwona. Baadaye ikawa nimezoea kungoja. Baadaye tena sikuwa nangoja."

"Nisamehe, Greig."

"Ah, Netta." Alimgusa bega, akaondoa mkono. "Nilikusamehe zamani mno. Lakini tungeweza kutengeneza magemu mengine, mimi na wewe. Hicho ndicho ninachokifikiria mimi. Nimechora katuni za paka miaka thelathini."

Shangazi mmoja alikuja kumwita, kuna wageni wa Aberdeen wanaondoka. Netta alibaki dirishani. Alipotoka alimkuta Greig mlangoni akitazama mvua, hana mwavuli, gari lake amempa binamu yake awarudishe wazee.

"Unakwenda wapi? Nikupeleke," alisema Netta.

"Bado naishi palepale juu."

Walipanda Hilltown taratibu, vifuta mvua vikienda na kurudi. Kiwanda cha juti kilichokuwa chini ya kilima kilikuwa kimegeuzwa nyumba za kupanga. Mlangoni Greig alishuka, akainama dirishani kana kwamba ana neno, maji yakimtiririka shingoni.

"Asante kwa lifti," alisema.

Netta alisubiri mpaka taa ya ghorofa ya tatu ilipowaka, kisha akageuza gari.